Hesabu Iliyotimia: Uchambuzi wa Kisa cha Kitambaa Kilichobaki Tumboni Baada ya Upasuaji wa Uzazi

## Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea katika hospitali ya umma ya ngazi ya wilaya nchini Tanzania, nami nilikuwa mjumbe wa timu ya kuboresha ubora wa huduma iliyopewa kazi ya kukichunguza. Majina, mkoa, mwaka na kila jambo linaloweza kumtambulisha mama aliyeumia au watumishi waliohusika vimeondolewa, na saa zimesogezwa kidogo bila kuvuruga mfuatano wa matukio. Mama mwenyewe aliombwa ridhaa, akakubali kisa chake kitumike kufundishia kwa sharti moja, kwamba lisiachwe swali aliloliuliza siku alipoelezwa ukweli. Swali hilo litakuja mahali pake.

Kinachonisukuma kukiandika ni kwamba hiki si kisa cha watu waliopuuza kazi. Vitambaa vilihesabiwa, hesabu ikatimia, ikaandikwa kwenye fomu, na bado kitambaa kimoja kilibaki tumboni mwa mama kwa siku 27.

## Mazingira

Chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku ni kimoja. Zamu ilikuwa na watu wanne: daktari, mtoa dawa ya usingizi, muuguzi aliyevaa glavu ambaye humkabidhi daktari vifaa, na muuguzi mzungukaji, yaani yule anayefungua vifurushi, kuandika hesabu na kuleta kinachohitajika. Kwa kawaida mtoto anapotolewa hupokewa na mkunga kutoka wodi ya uzazi. Usiku ule wakunga wote wawili wa wodi walikuwa na akina mama waliokwisha kuanza kusukuma, kwa hiyo kazi ya kumpokea mtoto ilimwangukia mzungukaji.

Vitambaa vya tumboni, ambavyo daktari hutumia kukausha damu na kusogeza utumbo, hospitali haikuvinunua vikiwa tayari. Ilinunua majora ya shashi, na wahudumu wa chumba cha kutakasia vifaa wakayakata, wakakunja vipande tabaka kwa tabaka, wakavifunga vitano vitano, kisha vifurushi vikaingia kwenye dramu la chuma ili vitakaswe kwa mvuke. Hiyo "vitano vitano" ilikuwa mazoea tu. Hapakuwa na mahali ilipoandikwa. Vitambaa vinavyonunuliwa vikiwa tayari huwa na uzi maalumu unaoonekana kwenye picha ya eksirei, na mara nyingi mkia wa utepe unaoachwa nje ya tumbo. Vya kwetu havikuwa na uzi wala mkia.

Fomu ya orodha hakiki ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilikuwapo na ilitumika. Orodha hiyo ilizinduliwa mwaka 2008 na ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi nane, mojawapo ikiwa hospitali ya Ifakara hapa kwetu. Matokeo yaliyotangazwa Januari 2009 yalionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Sehemu yake ya tatu humtaka muuguzi atamke kwa sauti, kabla mgonjwa hajatolewa chumbani, kwamba hesabu ya vifaa, shashi na sindano imekamilika. Ninaitaja kwa heshima, kwa kuwa katika kisa hiki fomu ilijazwa vizuri na kwa wakati.

## Usiku wa upasuaji

Mama alikuwa na mimba ya tatu, na uchungu wake ulikuwa uchungu pingamizi: njia ilikuwa imefunguka lakini mtoto hashuki, na mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yakipungua. Uamuzi wa kumpasua ulitolewa saa 7:40 usiku, na saa 8:10 alikuwa mezani. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na haraka yake ilikuwa ya lazima.

Kabla ya kukata, vifurushi viwili vilifunguliwa. Muuguzi aliyevaa glavu na mzungukaji walivihesabu pamoja kwa sauti, kimoja baada ya kingine, wakapata vitambaa 10, na mzungukaji akaandika 10 kwenye ubao mdogo ukutani.

Mtoto alitolewa baada ya dakika chache, na hakulia. Mzungukaji alimchukua, akamkausha, akamsugua mgongo, na alipoona hapumui akaanza kumpa hewa kwa mfuko na barakoa. Dakika ya kwanza ya mtoto asiyepumua haimpi mtu nafasi ya kutazama kitu kingine. Katikati ya kazi hiyo umeme ukakatika. Jenereta iliwaka baada ya dakika sita hivi, kwa sababu ufunguo wa kibanda chake ulikuwa kwa mlinzi wa lango la pili. Kwa dakika hizo mashine ya kunyonya damu ilikuwa imezima, na mwanga uliokuwapo ni tochi ya simu ya mtoa dawa ya usingizi, aliyeishika kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa kwenye taya la mgonjwa.

Gizani humo ndimo daktari alipogundua kwamba mkato alioufanya kwenye mfuko wa uzazi ulikuwa umechanika zaidi kwenye kona ya kushoto, na damu ilikuwa ikijaa kuliko macho yalivyoweza kuona. Akaomba vitambaa zaidi. Mhudumu aliyemleta mama kwa machela, ambaye bado alikuwa amesimama mlangoni, aliingia, akafungua kifurushi cha tatu na kukimimina kwenye trei. Hapakuwa na mtu aliyekihesabu. Umeme uliporudi na mtoto alipolia, mzungukaji aliuliza, "Mmefungua vingapi?" Akajibiwa, "Kimoja." Akaandika 5 chini ya 10 na kujumlisha 15.

Damu ilidhibitiwa. Kabla ya kufunga tumbo wauguzi walihesabu vitambaa vilivyotumika na vilivyobaki kwenye trei wakapata 15, na baada ya kushona ngozi wakarudia, wakapata 15. Muuguzi alitamka kuwa hesabu imekamilika, daktari akaitikia, fomu ikatiwa alama. Tulikuja kujua baadaye kwamba vilivyoingia chumbani usiku ule vilikuwa 16.

## Siku 27

Mama aliruhusiwa siku ya nne akiwa na mtoto mwenye afya. Alilalamika maumivu upande wa kushoto, akaambiwa ni mshono. Siku ya tisa alipata homa, akaenda zahanati ya karibu na kwao, akapimwa mkojo na kupewa dawa za UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Siku ya 16 alirudi hospitalini kwetu, dirisha la wagonjwa wa nje, akiwa na homa ileile na tumbo linalojaa. Kadi yake ya siku hiyo ina mstari mmoja: "Maumivu ya tumbo, UTI, gesi," na majina ya dawa mbili. Hakuna neno lolote linaloonyesha kwamba alilazwa kitandani na kuguswa tumbo, na mama alisema hakuguswa.

Siku ya 27 mama mkwe wake alikuja naye, akakataa kuondoka na dawa. Daktari aliyekuwa mafunzoni kwa vitendo aliwapisha chumba cha ndani, akamlaza mama, akaweka kiganja juu ya tumbo na kukuta uvimbe mgumu wa ukubwa wa chungwa chini ya kitovu upande wa kushoto. Altrasaundi ilionyesha kitu chenye kivuli kizito nyuma yake. Jioni hiyohiyo alipasuliwa na daktari mwandamizi.

Kitaalamu kitambaa kilichosahaulika mwilini huitwa gossypiboma, na maandishi mengi ya upasuaji hueleza kwamba jina hilo limeunganishwa kutokana na neno la Kilatini la pamba na neno letu la Kiswahili, boma, ambalo wao hulifasiri kuwa mahali pa kujificha. Mwenye lugha atasema boma si maficho, ni uzio au ngome. Nilikuwapo chumbani kilipotolewa, na ninaona neno limekaa vizuri kwa maana yake ya asili: utando wa mafuta ya tumbo na kipande cha utumbo vilikuwa vimejizungushia kitambaa kama ukuta, na ndani ya ukuta huo palikuwa na usaha. Daktari alikitenganisha polepole kwa muda wa saa nzima. Utumbo haukutoboka. Mama alilazwa siku 11.

## Maamuzi na sababu zake

Asubuhi iliyofuata hatua ya kwanza ya uongozi ilikuwa kumwandikia mzungukaji barua ya kujieleza. Sababu yake inaeleweka: fomu ina saini yake, fomu inasema hesabu ilikamilika, kitambaa kimetoka tumboni, basi ama hakuhesabu ama alidanganya. Muuguzi yule alijibu kwa sentensi tatu tu, kwamba alihesabu, kwamba mwenzake alihesabu naye, na kwamba waliona 15. Wengi wetu kikaoni hatukumwamini, nami nilikuwa miongoni mwao.

Matroni, yaani mkuu wa wauguzi, ndiye aliyebadilisha mwelekeo. Aliomba kwamba kabla ya kumjadili mtu yeyote twende kwenye chumba cha kutakasia vifaa. Tulifungua dramu lililokuwa limeandaliwa kwa juma lile, tukatoa vifurushi 20 na kuvihesabu mezani mbele ya kila mjumbe. Vingi vilikuwa na vitambaa vitano. Viwili vilikuwa na vinne. Vitatu vilikuwa na sita. Mhudumu mkongwe wa chumba hicho alieleza bila kusitasita kwamba vipande vya mwisho wa jora vinapobaki, huongezwa kwenye kifurushi kimojawapo ili visipotee. Ilikuwa busara ya mtu anayeitunza mali ya serikali, na hakuwahi kuambiwa kwamba kuna mtu upande wa pili wa ukuta anayeitegemea tano iwe tano. Barua ya muuguzi iliondolewa kwenye jalada lake, na mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali, alimwomba radhi mbele ya wenzake wa zamu.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kumweleza mama. Hapa kikao kiligawanyika. Baadhi walisema tayari amepona, kumweleza ni kumtia uchungu na kujitafutia kesi. Mmoja alipendekeza tuseme lilikuwa jipu la kawaida la baada ya uzazi. Upande wa pili ulikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba ana haki ya kujua kilichokuwa mwilini mwake. Ya pili ilikuwa ya kitabibu: atakapobeba mimba nyingine, atakayempasua lazima ajue kwamba tumbo lake lilishawahi kufunguliwa mara mbili na utumbo kushikamana. Mganga mfawidhi aliamua aelezwe, na aelezwe na yeye mwenyewe.

Kikao hicho kilifanyika ofisini kwake, mama akiwa na mumewe na mama mkwe. Mganga alisimama walipoingia. "Shikamoo mama," alimwambia mama mkwe. "Marahaba mwanangu." Kisha akasema, bila kuzungukazunguka, kwamba uvimbe uliotolewa ulikuwa kitambaa cha hospitali kilichoachwa tumboni siku ya kujifungua, kwamba kosa ni la hospitali, na kwamba anaomba radhi. Walikaa kimya kwa muda mrefu. Mume aliuliza kuhusu gharama, kwa kuwa upasuaji wa kwanza ulikuwa chini ya msamaha wa huduma za uzazi, ilhali wa pili ulikuwa umeandikwa kuwa upasuaji wa kawaida na familia ilikwisha kulipa sehemu ya fedha baada ya kuuza mbuzi wawili. Fedha hizo zilirudishwa, na deni lililobaki likafutwa. Aibu ya ankara ile iko palepale; hakuna aliyeipanga, lakini hakuna aliyeizuia.

Ndipo mama akauliza lile swali lake: "Kitambaa mlikisahau gizani, hilo nimelielewa. Lakini nilipokuja mchana, kwa nini hamkunishika tumbo?"

## Uchambuzi

Hadi swali hilo lilipoulizwa, uchunguzi wetu wote ulikuwa umekaa ndani ya chumba cha upasuaji. Ripoti ya kwanza ilikuwa na kurasa saba kuhusu usiku ule na aya moja tu kuhusu siku 27 zilizofuata. Mgonjwa ndiye aliyetuonyesha kwamba tulichunguza nusu ya kisa.

Nianze na nusu ya kwanza. Orodha hakiki huuliza kama hesabu imekamilika. Haiulizi hesabu ilianzia wapi. Hesabu ya mwisho hulinganishwa na ya mwanzo, na ya mwanzo ikiwa na kasoro, ulinganisho huthibitisha kasoro hiyo kwa uaminifu mkubwa. Wauguzi wale wangehesabu mara kumi wangepata 15 mara kumi. Utafiti uliofanyika Massachusetts nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba uwezekano wa kifaa kusahaulika mwilini huongezeka takriban mara tisa katika upasuaji wa dharura na takriban mara nne pale mpango wa upasuaji unapobadilika ghafla, na kwamba mara nyingi hesabu ilikuwa imeandikwa kuwa sahihi. Usiku wetu ulikuwa na yote mawili, dharura na mchaniko usiotarajiwa. Kwa hiyo ulinzi ulipaswa kuwekwa mbali na usiku wenyewe, kwenye meza ya mkunjaji wa shashi, ambako hakuna haraka, taa zinawaka, na kuhesabu hadi tano hakumgharimu mtu chochote.

Kumpa mzungukaji kazi ya mtoto kulikuwa uamuzi wa mazingira, wala sioni mtu mwenye utu ambaye angeacha kumpa mtoto hewa ili ahesabu vitambaa. Kosa lilikuwa kutoweka mtu wa pili kabla ya kukata, hali tukijua kwamba mtoto wa uchungu pingamizi mara nyingi huzaliwa amechoka. Kuhusu jenereta nitasema machache: ufunguo wa kitu ambacho uhai wa mtu unakitegemea haukai mfukoni mwa mtu mmoja.

Nusu ya pili ni nzito zaidi kwangu. Dirisha la wagonjwa wa nje siku ile lilikuwa na tabibu mmoja na foleni ndefu, na ninakubali kwamba foleni hubana akili. Hata hivyo sikubali kwamba yote ni mfumo. Kumlaza mama aliyepasuliwa siku 16 zilizopita na kumgusa tumbo huchukua chini ya dakika moja, na ni kazi ambayo kila tabibu amefundishwa. Lugha ya "tusitafute mchawi", ambayo naiamini, haipaswi kugeuka kuwa pazia la kufunika wajibu wa msingi. Tabibu yule alizungumza na mkuu wake, akakiri, akawekwa chini ya usimamizi wa karibu kwa miezi mitatu. Hakufukuzwa wala hakutangazwa. Naona ulikuwa uwiano mzuri.

Kuna pengo jingine lililojitokeza. Mama angefariki, taarifa ingetolewa ndani ya saa 24 na kikao cha kupitia kifo kingekaa ndani ya siku saba, kama miongozo ya kupitia vifo vya uzazi inavyotaka. Kwa kuwa alinusurika, hapakuwa na mlango wowote wa lazima. Kisa hiki kilichunguzwa kwa sababu matroni alisisitiza. Ni akina mama wangapi waliobeba maumivu yao nyumbani kwa kuwa hawakufa?

## Matokeo, na kilichoshindikana

Vifurushi sasa hufungwa na watu wawili, na ndani ya kila kimoja huwekwa kikaratasi chenye idadi na sahihi zao. Kifurushi kisicholingana na kikaratasi chake hutolewa chumbani chote, hakirekebishwi mezani. Miezi miwili baada ya utaratibu kuanza, muuguzi mmoja alileta kifurushi cha vitambaa vinne alichokikamata kabla ya upasuaji. Mganga mfawidhi alimshukuru kwenye kikao cha asubuhi, na kuanzia hapo taarifa za namna hiyo zikaanza kuja zenyewe. Anayefungua kifurushi cha ziada, awe nani, hutamka idadi kwa sauti na muuguzi aliyevaa glavu huirudia. Ufunguo wa jenereta una nakala kwenye chumba cha upasuaji. Mama yeyote anayerudi na homa au maumivu ndani ya siku 42 baada ya upasuaji hulazwa na kuguswa tumbo, na huonwa na daktari wa upasuaji kabla ya kupewa dawa za kwenda nazo.

Ubao wa ukutani tuliouchora upya, wenye safu mbili za vilivyoingia na vilivyotoka, ulitumika vizuri kwa majuma matano, kisha kalamu zikaisha na hazikununuliwa kwa wakati. Wauguzi walirudi kuandika kwenye mkanda wa plasta waliobandika kwenye aproni. Mpango wa mkunga wa pili wa kumpokea mtoto usiku ulidumu hadi mkunga mmoja alipohamishwa, na tangu hapo hutegemea bahati ya zamu. Ombi la vitambaa vyenye uzi wa eksirei limeingizwa kwenye bajeti mara mbili na mara zote mbili limekatwa.

Jambo la mwisho lilihusu kadi. Siku ya kumruhusu mama baada ya upasuaji wa pili, kabla uamuzi wa kumweleza haujafikiwa, kadi yake iliandikwa "jipu la tumbo". Aliporudi na mtoto kwa chanjo, matroni aliiomba kadi hiyo, akapiga mstari mmoja juu ya maneno yale ili yabaki yakisomeka, akaandika chini yake kwa herufi kubwa: "Kitambaa cha upasuaji kilichobaki tumboni, kimetolewa, utumbo ulishikamana upande wa kushoto. Ajifungulie hospitali yenye damu." Akaweka sahihi na tarehe, akamsomea mama maneno yote, na mama akaikunja kadi akaitia ndani ya kijitabu cha kliniki cha mtoto, ambacho alisema hakipotezi.